VPN imeunganika, lakini ankara hazifunguki

Wakala wa forodha aliyeko Tunduma anaunganisha VPN, kompyuta inamwambia tayari, lakini ankara zilizoko ofisini Dar es Salaam hazifunguki. Lori linasubiri, na kusubiri kuna gharama.

Kwa seva ya Linux yenye OpenVPN, tatizo hapa si neno la siri. Apime kwanza kwa ping 10.8.0.1, anwani ambayo seva hujipa kwa kawaida. Ikijibu, njia ni nzima hadi kwenye seva. Kilichokwama kiko mbele yake. Linux haipitishi mawasiliano kwenda kompyuta nyingine mpaka iruhusiwe. Fundi aangalie net.ipv4.ip_forward: ikisomeka 0, aiweke 1, na aiandike kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d, la sivyo umeme ukikatika itarudi 0. Kompyuta yenye ankara nayo lazima ijue njia ya kurudishia majibu. Wengi husahau hili.

Ofisi zote mbili zikitumia anwani za 192.168.1.0, kompyuta ya mpakani itazitafuta ankara hapohapo Tunduma. Badilisheni za upande mmoja.

Isipounganika kabisa, huenda poti ya UDP 1194 imefungwa, au saa ya kompyuta iko nyuma na cheti kinaonekana hakijaanza kutumika. Anzeni na saa, haigharimu kitu.