Kiwanja cha Mtaa ni cha Nani?
Sehemu ya Pili: Hati na Chimbuko Lake

Wiki iliyopita tulitazama jinsi ardhi ya Mombasa ilivyoingia katika madaftari ya serikali: sheria ya mwaka 1908 iliwataka wadai wa ardhi ya Pwani wathibitishe haki zao, na isiyokuwa na mdai ikawa ya Dola ya Kiingereza. Leo tuje kwa mkazi wa Makupa anayeamka asubuhi akakuta mabati yamezungushwa kiwanja alichochezea mpira tangu utotoni. Swali lake la kwanza ni hili: kwani si chetu, wana mtaa?

Kisheria, kutumia ni jambo moja na kumiliki ni jingine. Watu wa Majengo na Makupa hawahitaji kufundishwa hilo. Wapo wenye nyumba walizorithi kwa babu zao, ilhali ardhi iliyo chini ya misingi ni ya mtu mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja.

Katiba ya 2010 imeigawa ardhi mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya binafsi. Ardhi ya jamii, katika kifungu cha 63, ni kama ile ya mababu, malisho, misitu na mahali pa ibada za kimila, au iliyosajiliwa kwa wawakilishi wa kundi. Uwanja wa mjini uliotengwa kwa michezo kwa kawaida huingia kifungu cha 62. Ni ardhi ya umma, ambayo serikali ya kaunti huishika kwa amana kwa niaba ya wakazi.

Basi anayekwenda mahakamani kudai kwamba kiwanja ni cha klabu yake kwa kuwa imekichezea miaka 40, amejifunga bao mwenyewe. Kanuni ya miaka 12, ambayo humwezesha mtu kudai ardhi ya mwingine aliyoikalia bila kupingwa, haigusi ardhi ya serikali. Hoja nzito ni kwamba kiwanja ni cha umma, na aliyekigawa hakuwa na ruhusa ya kukigawa.

Hoja hiyo ilipimwa papa hapa Mombasa. Kipande cha ardhi huko Nyali, kilichotengwa kuwa uwazi wa umma wa kuelekea ufuoni, kilisajiliwa mwaka 1989 kwa jina la Daniel arap Moi, Rais wa wakati huo. Kikauzwa, kikauzwa tena, hadi kikafika kwa kampuni ya Dina Management. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilibomoa ukuta wake ili kufungua njia ya pwani, na kampuni ikashtaki. Ilishindwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikashindwa katika Mahakama ya Rufani, na tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Upeo ikafunga mjadala. Ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, kwa hiyo wanunuzi waliofuata hawakuwa na cha kununua. Kuangalia rejista peke yake hakumtoshi mnunuzi; sharti aulize hati ilizaliwaje. Nacho kifungu cha 40(6) cha Katiba hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Somo kwa wana Makupa ni jepesi kulieleza, zito kulitekeleza. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Msingoje mabati. Kamati ya mtaa na iende sasa kwa wapima ardhi kutafuta ramani inayoonyesha kiwanja kimetengwa kwa michezo, iombe kumbukumbu za vikao vya baraza la zamani la manispaa, iangalie rejista ya ardhi, kisha iiandikie kaunti na Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa iwekwe pazuri. Siku ya kesi, hakimu hatauliza nani alifunga mabao mangapi. Ataomba karatasi.