HOMA YA INI YA C: KIPIMO CHA KWANZA HAKITOSHI



Vijana wetu wa Kawempe hupimwa damu kabla ya kwenda kazi za Uarabuni, na waajiri wengine wa hapa nao hutaka karatasi ya daktari. Mtu akikutwa na homa ya ini ya C hufukuzwa kama mwizi. Lakini amekutwa kwa kipimo gani?

Mwanachama wetu mmoja wa kiwandani alipewa karatasi hiyo, na msimamizi akawa amekwisha mtafuta mtu wa kushika mashine yake. Tulipomwuliza amepimwa mara ngapi, alijibu mara moja tu, tone la damu ya kidole.

Kipimo kile hakitafuti kirusi. Kinatafuta askari ambao mwili uliwatoa kupigana nacho, na askari hao hubaki katika damu miaka mingi hata adui akiisha kuondoka. Katika kila watu 100 walioambukizwa, kama 30 hivi hupona bila dawa ndani ya miezi 6. Tena kipimo hiki huweza kudanganya kabisa. Watafiti waliopima damu za watu wa Rakai, taarifa yao ikatoka mwaka 2013, walikuta wengi walioonyeshwa kuwa na ugonjwa hawakuwa nao.

Kipimo cha pili ndicho hutafuta kirusi chenyewe. Mashine mojawapo ni GeneXpert, ile inayopima kifua kikuu, ila hutiwa kikasha cha namna nyingine. Shirika la Afya Duniani lilikiidhinisha kikasha hicho mwaka 2017. Mashine kuwapo si dalili kwamba kikasha kipo, kwa hiyo uliza kwanza, na bei uulize pia. Mwenzetu alipimwa hivyo, kirusi hakikuonekana, akarudi kazini.

Kirusi kikionekana, maabara hupima hali ya ini na kuhesabu chembe zinazogandisha damu, ili daktari ajue ini limepata makovu kiasi gani. Lazima homa ya ini ya B ipimwe vilevile kabla ya dawa, maana ikiwa imejificha huweza kuamka wakati C inatibiwa. Dawa ni vidonge, mara nyingi vya wiki 12, na huponya zaidi ya watu 95 katika 100. Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho kirusi hutafutwa tena. Kisipoonekana, mtu amepona.

Hata hivyo kipimo cha kidole kitaendelea kumwonyesha kuwa anao, pengine maisha yake yote. Karatasi ya kipimo cha pili itunzwe pamoja na kitambulisho.

Ugonjwa huu hupita kwa damu: sindano, wembe, damu ya kuongezewa isiyopimwa. Haupiti kwa sahani, kikombe wala kupeana mkono, basi wa kumkimbia mwenzake kwenye meza ya chakula hana sababu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ilikataza ubaguzi kwa ajili ya UKIMWI na ulemavu, lakini homa ya ini haikuitaja kwa jina, na hapo ndipo waajiri hupenyea. Mwanachama akiletewa karatasi ya kuachishwa kwa sababu ya damu yake, asitie sahihi kabla ya kumwona mwakilishi wa chama, na mwakilishi adai kipimo cha pili kwa maandishi.