Kiota cha bibi: Wamaori walivyoirudisha lugha nyumbani

Mwaka 1985, mzee wa Kimaori aitwaye James Henare alitoa ushahidi mbele ya Baraza la Waitangi, chombo kinachosikiliza madai ya Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, dhidi ya serikali ya nchi hiyo. Henare alikuwa kamanda wa mwisho wa kikosi cha Wamaori katika Vita vya Pili vya Dunia, lakini siku ile alieleza jambo la utotoni. Alikamatwa akisema Kimaori kwenye uwanja wa shule. Akatumwa porini akakate pirita, mmea unaotambaa, mgumu kama henzirani. Akaukata, akauleta kwa mkono wake mwenyewe, akachapwa nao.

Fimbo zile peke yake zisingeiua lugha. Watoto waliochapwa walikua, wakaoa na kuolewa, wakazaa. Walipowabeba watoto wao waliapa moyoni kwamba yaliyowapata wao hayatawapata hawa, wakasema nao Kiingereza. Walifanya hivyo kwa mapenzi, na hapo ndipo lugha inapokatika. Mwaka 1913 takriban asilimia 90 ya wanafunzi wa Kimaori walikijua Kimaori. Mwaka 1953 walikuwa asilimia 26, na kufikia 1975 hawakufika hata asilimia 5. Mjukuu na bibi yake waliishi kijiji kimoja bila kuweza kuzungumza.

Ili uone walichopoteza, tazama neno moja tu, whenua. Maana yake ni ardhi. Maana yake pia ni kondo la nyuma. Kwa desturi yao kondo la mtoto huzikwa katika ardhi ya ukoo, kama ambavyo huku kwetu mtu husema kwao ni pale kilipozikwa kitovu chake. Kwa Kimaori hakuna haja ya kulieleza hilo, neno lenyewe limekwisha kulisema. Hapū ni ukoo, na ni mjamzito. Iwi ni kabila, na ni mfupa. Mtoto aliyenyang'anywa maneno haya bado anaweza kuwa na ardhi, mama na kabila, ila hana tena kinachoviunganisha.

Mason Durie, daktari wa akili ambaye mwenyewe ni Mmaori, aliliweka jambo hili katika lugha ya tiba. Mwaka 1984 aliandika kwamba afya ni nyumba yenye kuta nne: mwili, roho, fikra na hisia, na familia. Ukuta mmoja ukianguka, nyumba nzima huyumba. Hospitali ilikuwa ikitibu ukuta mmoja. Kwa mawazo hayo, kurudisha lugha ni kuijenga upya nyumba nzima, maana lugha hupita katika kuta zote nne.

Dai la kuirudisha lilianza na vijana. Mwaka 1972 walipeleka bungeni ombi lenye saini zaidi ya 30,000, wakitaka Kimaori kifundishwe shuleni. Kwa maoni yangu, hata hivyo, hatua kubwa zaidi ilikuja miaka kumi baadaye, mwaka 1982, huko Wainuiomata karibu na Wellington. Hapo kilifunguliwa kōhanga reo cha kwanza, yaani kiota cha lugha. Wazo lake ni jepesi mno: chukua watoto wasiofika umri wa shule, waweke na bibi na babu wanaoijua lugha, na ndani ya mlango huo isisemwe lugha nyingine. Mtoto ataoshwa mikono, atalishwa, ataimbiwa na kubembelezwa kwa Kimaori. Kufikia 1994 viota vilikuwa kama 800, vikiwa na watoto wapatao 14,000. Vimepungua sana tangu hapo, lakini sensa ya 2023 ilihesabu wasemaji zaidi ya 213,000.

Naomba uwatazame wale bibi kidogo. Wengi wao ndio waliochapwa, na wengi wao ndio waliokaa kimya mbele ya watoto wao. Sasa mtoto wa miaka mitatu amekaa mapajani, anataka tu kujua ndege yule anaitwaje. Lugha ile ile iliyowaletea aibu ndiyo inayowafanya watafutwe kila asubuhi. Uponyaji ninaousema mimi ni huu.

Kizazi cha kati, cha wazazi wasiojua lugha, kina kidonda chake. Wamaori huiita hali hiyo whakamā, fedheha inayomfunga mtu mdomo kila akijaribu kusema lugha ambayo angestahili kuijua. Kumcheka mtu wa namna hiyo anapokosea ni kumchapa mara ya pili.

Ushahidi wa takwimu wa uhusiano wa lugha na uzima upo pia, kutoka kwingine. Mwaka 2007 watafiti Hallett, Chandler na Lalonde waligundua kwamba, katika zile jamii za wenyeji wa asili wa British Columbia, Kanada, ambazo angalau nusu ya watu waliweza kuzungumza lugha yao, vijana karibu hawakujiua kabisa. Utafiti huo hauthibitishi kwamba lugha peke yake ndiyo kinga. Jamii iliyohifadhi lugha mara nyingi imehifadhi mengine pia.

Msomaji wa Kenya anakijua kile kibao kilichovishwa shuleni shingoni mwa mtoto aliyeponyokwa na neno la kwao, akakibeba mpaka amnase mwenzake. Na Kiswahili chetu, tunachokipenda kwa haki, nacho kinaziba nafasi ya lugha ndogo nyingi nyumbani. Kinaweza kukaa pamoja nazo, mradi sisi wazazi tuache nafasi.

Kama bibi yupo bado, wapeleke watoto kwake likizo hii. Akianza kusema nao lugha ya kwenu, usiwatafsirie.