Hifadhi ya Bure ya Msimbo: Heri Ahadi Ndogo Inayotimizwa

Anayeandika programu za kompyuta siku hizi haiachi kazi yake kwenye kompyuta yake peke yake. Huipeleka kwenye ghala la mtandaoni kama GitHub, GitLab au Bitbucket, ambako kila badiliko hubaki na tarehe yake na jina la aliyelifanya. Ghala hilo nalo ni la kampuni, na kampuni hufungwa, huvamiwa na hukosea. Ndiyo maana wamejitokeza watu wanaotoa huduma ya pili: kuchukua nakala ya msimbo uliomo ghalani na kuiweka pengine, tena bila kutoza senti. Ni huduma njema, ila thamani yake haipimwi kwa ukubwa wa diski tu. Inapimwa kwa kuangalia kama mtumiaji anajua mapema ni kipi kitaokolewa siku ya balaa na ni kipi kitapotea. Mtoa huduma ya bure hadaiwi makubwa, lakini anadaiwa hili kabla ya yote: kutaja mipaka yake waziwazi.

Mkasa wa GitLab unaonyesha kwa nini. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wake alikuwa akihangaika na seva mbili za kanzidata, ya msingi na ya akiba, zilizokuwa zimeacha kwenda sambamba. Alikusudia kufuta data za seva ya akiba ili zinakiliwe upya. Kumbe amri ameitoa kwenye seva ya msingi. Alipogutuka na kuisimamisha, kati ya gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimesalia 4.5 hivi. Kampuni ikageukia nakala zake. Ile ya kila siku, iliyotakiwa kuwekwa kwenye hifadhi ya Amazon, haikuwepo: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na la kanzidata, hivyo ilikuwa ikishindwa kimya kimya. Barua pepe za kuonya zilitumwa, lakini zilikataliwa njiani kwa kukosa saini ya uthibitisho, na hakuna aliyeziona. Kilichookoa jahazi ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa 6 hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Msimbo wenyewe ulisalimika. Hata hivyo, kwa makadirio ya kampuni, taarifa za miradi ipatayo 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700 zilipotea. Kama wenye seva hawakujua kwamba nakala zao ni hewa, mtumiaji aliye mbali angejuaje?

Mkasa huo unafichua pia jambo ambalo wengi hulichanganya. Neno "mradi" kwa mtumiaji humaanisha kila akionacho kwenye ukurasa wake: msimbo, ripoti za hitilafu, mijadala ya wachangiaji na mafaili makubwa ya picha au data. Kwa mfumo wa Git, uliotungwa na Linus Torvalds mwaka 2005, mradi ni mafaili na historia ya mabadiliko yake tu. Mijadala hukaa kwenye kanzidata ya kampuni. Huduma inayosema "tunahifadhi mradi wako" huku ikinakili upande wa Git peke yake haijasema uongo, lakini imemwacha mtu aamini asichopewa. Vivyo hivyo, kuna tofauti kati ya nakala inayofuata chanzo kila saa na nakala zinazotunzwa kwa tarehe. Ya kwanza huiga kila kitu, hata uharibifu: mwizi wa nywila akifuta historia ya mradi asubuhi, huenda hadi jioni nakala nayo imekuwa tupu. Anayetoa nakala ya aina hiyo aseme kwamba inakinga dhidi ya kufungwa kwa ghala, wala haikingi dhidi ya mkono wa mfutaji.

Wapo waliolifanya hili vizuri. Software Heritage, iliyozinduliwa mwaka 2016 na taasisi ya utafiti ya Inria ya Ufaransa, hukusanya msimbo ulio wazi kwa umma kutoka pembe zote za intaneti. Haigusi miradi ya faragha, na hupitia maghala kwa ratiba yake, ingawa yeyote anaweza kuomba anwani fulani ipitiwe. Lengo lake ni kuutunza msimbo kama urithi wa binadamu, si kumrudishia mtu kazi aliyoifuta jana usiku. GitHub nayo ilichukua picha ya miradi ya wazi tarehe 2 Februari 2020, ikaiweka kwenye filamu ndani ya mgodi wa zamani huko Svalbard, Norwei, kwa nia idumu miaka 1,000. Hakuna anayekwenda huko kutafuta faili lake la wiki iliyopita, kwa sababu kusudi lilitajwa tangu mwanzo.

Kuna wanaopinga: cha bure hakidaiwi, na asiyelipa hana cha kulalamikia. Hoja hii ingesimama kama huduma isingebadilisha mwenendo wa mtu. Lakini aliyeahidiwa hifadhi huacha kujiwekea nakala yake mwenyewe, kwa hiyo ahadi isiyo na mipaka inamwondolea kinga aliyokuwa nayo. Wala malipo si dawa. Code Spaces, kampuni iliyohifadhi msimbo wa watu, ilikuwa na wateja wanaolipa. Mwezi Juni 2014 mvamizi aliingia kwenye paneli yake ya usimamizi, akafuta data pamoja na sehemu kubwa ya nakala zilizotawaliwa na paneli hiyo hiyo, na kampuni ikafa.

Wengine wanasema mipaka itawafukuza watu, na kwamba masharti hayasomwi. Hayasomwi kwa sababu ni kurasa ishirini za lugha ya mawakili. Weka sentensi chache pale pale kwenye kitufe cha kujiunga: "Tunanakili msimbo na historia yake mara moja kwa siku. Hatunakili mijadala. Tunatunza nakala za siku 30. Tukifunga, tutakuarifu miezi mitatu kabla." Kisha onyesha tarehe ya nakala ya mwisho iliyofanikiwa, na ikishindwa mwambie mwenye mradi. Hata kufunga kunaweza kufanywa kwa heshima: Google Code, ghala la msimbo la Google, ilitangaza mwezi Machi 2015 kwamba itafungwa Januari 2016, na watu wakapata miezi kumi ya kuhamisha kazi zao. Atakayekimbia baada ya kusoma sentensi hizo alikuwa anatafuta huduma nyingine, na ni heri ajue leo.

Mtumiaji naye ana wajibu. Ni kweli kwamba kila anayenakili mradi wa Git kikamilifu hupata historia yake yote, lakini nakala iliyo kwenye kompyuta ya mwenzako ni ya siku aliyoichukua. Basi kabla hujaitegemea huduma yoyote ya bure, ipe ruhusa ya kusoma tu, kisha shusha nakala yako kwenye kompyuta nyingine, tazama badiliko la mwisho ni la lini, na ujaribu kuiendesha programu. Ikikataa, tafuta hifadhi nyingine mapema, wakati ghala lako la kwanza lingali wazi.