SARAFU ZA MJERUMANI: KASORO YA KIWANDANI AU YA TUPA?

Mnunuzi wa ufuta au korosho katika barabara ya Kibiti hadi Mkongo huenda akaletewa pia sarafu ya Mjerumani, bei ikiwa imepandishwa kwa kuwa "ina kasoro". Kasoro halisi ya kiwandani huongeza thamani kwa wakusanyaji. Ile iliyochongwa kwa tupa na keekee huondoa hata thamani ya kawaida.

Tuchukue sarafu isiyo na tundu. Hela 10 za mwaka 1908 hadi 1914, na hela 5 za 1913 na 1914, zilikuwa na tundu katikati, sawa na senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zilizofuata enzi ya Mwingereza. Mtambo ukiruka kutoboa, katikati hubaki madini yale yale, rangi ile ile, na sarafu huwa nzito kidogo kuliko nyenzake. Tundu likizibwa kwa lehemu, kioo cha kukuzia huonyesha duara jembamba la kiungo. Lakini mwaka usomwe kwanza: hela 5 za shaba za 1908 na 1909, pana kupita hata rupia, hazikuwa na tundu tangu mwanzo. Hapo hakuna kasoro ya kulipia.

Mistari nayo hudanganya wengi. Chapa ya kiwandani ikipata ufa, mstari hutokea umeinuka juu ya uso wa sarafu. Mkwaruzo wa msumari huzama. Herufi zilizogeuka kama kwenye kioo, zikiwa zimedidimia juu ya picha ambayo bado inaonekana, ni kazi ya sarafu mbili kubanwa pamoja kwenye jiriwa.

Hela 20 za Tabora za mwaka 1916 zahitaji tahadhari ya pekee. Ziligongwa wakati wa vita, kwa vifaa vya karakana, kwa hiyo picha iliyokaa upande ni jambo la kawaida na haistahili nyongeza kubwa. Na anayedai kuwa yake ilitoka katika meli ya Königsberg ana tatizo la kalenda: meli hiyo ilizama katika delta ya Rufiji Julai 1915.

Sarafu isisuguliwe kwa limau wala majivu kabla ya kuchunguzwa. Alama za chapa, ambazo ndizo ushahidi, huondoka pamoja na kutu.