Goti Linauma Ukiendesha Baiskeli? Kagua Kliti Kabla ya Kununua Pedali Mpya

Barabara za kupanda kutoka Kikuyu hadi Limuru, na zile zinazopita kando ya mashamba ya chai ya Tigoni, zimezoeleka kwa waendesha baiskeli za mbio. Ni katika kaunti hii ambapo Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na baadaye kushinda Tour de France mara 4, alinolewa akiwa kijana na David Kinjah wa Kikuyu. Leo wakazi wengi, vijana kwa wazee, wanauchukua mchezo huu kama mazoezi ya afya, na wengi wao huanza na baiskeli, viatu na pedali za mitumba.

Tatizo moja hujitokeza mara kwa mara. Mtu ananunua pedali za kunasa viatu, anaziendesha wiki chache, kisha goti linaanza kuuma. Wengine huacha baiskeli kabisa. Wengine hutumia pesa nyingi kununua pedali za bei ya juu zaidi, na maumivu yanabaki pale pale. Mara nyingi kinachofaa kuangaliwa kwanza ni kipande kidogo kilicho chini ya kiatu.

Pedali za kunasa ni zipi?

Hizi ni pedali zinazoshika kiatu kwa springi. Chini ya kiatu hufungwa kipande cha plastiki au chuma kiitwacho kliti. Ukikanyaga, kliti inanasa kwenye pedali. Ukizungusha kisigino kuelekea nje, inaachia. Kampuni ya LOOK ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya kushikia viatu vya kuteleza kwenye theluji, ilileta pedali hizi katika mbio za barabarani mwaka wa 1984. Mwaka uliofuata Bernard Hinault alishinda Tour de France akizitumia.

Faida yake ni kwamba mguu hautelezi. Lakini faida hiyo hiyo ndiyo inayoweza kuliumiza goti. Mwendeshaji anayezungusha miguu mara 85 kwa dakika hukunja na kunyoosha kila goti zaidi ya mara 5,000 kwa saa moja. Kama kiatu kimefungwa kikiwa kimepinda, hata kidogo, goti hulazimishwa kufuata njia isiyo yake mara 5,000 kila saa. Kwenye pedali ya kawaida mguu ungejisogeza wenyewe. Kwenye pedali ya kunasa, hauwezi kusogea zaidi ya pale kliti inaporuhusu.

Rangi ya kliti ina maana

Kliti hutofautiana kwa nafasi zinazoupa mguu kucheza kushoto na kulia kabla ya kuachia. Nafasi hiyo hupimwa kwa digrii, na watengenezaji huionyesha kwa rangi.

Shimano SPD-SL: njano ni digrii 6, buluu ni digrii 2, nyekundu ni digrii 0.

LOOK Keo: nyekundu ni digrii 9, kijivu ni digrii 4.5, nyeusi ni digrii 0.

Tazama vizuri rangi nyekundu. Kwa Shimano, nyekundu humaanisha mguu umefungwa kabisa. Kwa LOOK, nyekundu ndiyo inayoupa mguu uhuru mkubwa zaidi. Mtu akiambiwa na rafiki "chukua nyekundu, goti litapona", bila kuulizwa ana pedali gani, anaweza kuondoka dukani na kile hasa kinachomuumiza.

Kwa mwenye goti linalouma, ni busara kuanza na kliti yenye nafasi: njano kwa Shimano, kijivu au nyekundu kwa LOOK. Kliti za digrii 0 waachie wale ambao tayari wamepimwa na kurekebishiwa na mtu mwenye ujuzi. Kumbuka pia kwamba kliti za Shimano haziingii ipasavyo kwenye pedali za LOOK, wala za LOOK kwenye pedali za Shimano, hata zikifanana kwa macho. Kliti iliyolika nayo ibadilishwe, kwa sababu hulegea na kuufanya mguu uyumbe.

Ukinunua pedali, uliza mambo haya manne

1. Je, zinaingiliana na viatu vyangu? Geuza kiatu utazame. Viatu vya barabarani huwa na matundu 3. Viatu vyenye matundu 2 hutumia kliti ndogo ya chuma, aina ya SPD, ambayo huzama ndani ya soli. Hizi zinamfaa mtu anayeshuka na kutembea mara kwa mara, kwa mfano anayeenda kazini au sokoni.

2. Je, springi inaweza kulegezwa? Pedali nyingi zina skrubu ndogo ya kupunguza nguvu ya springi. Goti bovu linaweza kuumia wakati wa kuchomoa kiatu. Anza na nguvu ya chini, na uhakikishe pande zote mbili zinalingana. Kabla ya kuingia barabarani, egemea ukuta na uchomoe kila mguu mara 10. Ukiona kiatu kinachomoka chenyewe unapopanda mlima, ongeza nguvu kidogo.

3. Je, upana wa miguu unanifaa? Mtu mwenye nyonga pana anaweza kuhitaji miguu ikae mbali zaidi kidogo na baiskeli. Baadhi ya pedali huuzwa zikiwa na ekseli ndefu zaidi kwa milimita 4. Kabla ya kuzinunua, jaribu kuisogeza kliti upande wa ndani wa kiatu; hilo huusogeza mguu nje bila gharama yoyote.

4. Je, ninazihitaji kweli? Hakuna sheria inayokulazimisha kutumia pedali za kunasa. Kwa mazoezi ya kawaida, pedali bapa na viatu vyenye soli ngumu kiasi vinatosha. Kama goti linapona ukitumia pedali bapa, hilo lenyewe ni jibu.

Namna ya kuweka kliti

Keti kwenye ukingo wa meza, miguu ikining'inia bila kugusa chini. Tazama nyayo zinaelekea wapi. Watu wengi vidole vyao huelekea nje kidogo, na mara nyingi mguu wa kulia haufanani na wa kushoto. Funga kila kliti ifuate mwelekeo wa mguu wake. Usilazimishe miguu yote miwili ielekee mbele moja kwa moja kwa kuwa tu inapendeza machoni.

Kliti ikae chini ya sehemu nene ya wayo, nyuma kidogo ya shina la kidole gumba. Chora mstari kuizunguka kwa kalamu kabla ya kuisogeza, ili uweze kuirudisha ilikokuwa. Sogeza milimita 2 kwa wakati mmoja, badilisha jambo moja tu, kisha uendeshe siku mbili au tatu mwendo mfupi kabla ya kubadilisha lingine.

Usisahau kiti na gia

Maumivu mengi yanayolaumiwa pedali hutokana na urefu wa kiti. Panda baiskeli ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedali na uishushe hadi chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande mmoja. Ukirudisha wayo mahali pake, goti litakuwa limekunjika kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Mahali maumivu yalipo pia huashiria pa kuanzia:

Mbele, kuzunguka pia ya goti: kiti huenda kiko chini mno, au unapanda mlima kwa gia nzito. Tumia gia nyepesi na uzungushe miguu haraka zaidi.

Nyuma ya goti: kiti huenda kiko juu mno.

Upande wa ndani au wa nje: kagua mwelekeo wa kliti na upana wa miguu.

Hizi ni dalili za kukuongoza kukagua baiskeli. Hazichukui nafasi ya uchunguzi wa mhudumu wa afya.

Ni wakati gani wa kwenda hospitali?

Acha kuendesha na ufike katika kituo cha afya kilicho karibu nawe iwapo:

- goti limevimba, au ni jekundu na lina joto, hasa ukiwa na homa;
- goti linakwama, au linalegea ghafla unapotembea;
- umeanguka na huwezi kuukanyagia mguu;
- maumivu yanakuamsha usiku;
- umepumzika wiki 2 na hakuna nafuu.

Usimeze dawa za kupunguza maumivu ili tu uweze kumaliza safari. Dawa hunyamazisha onyo, na jeraha linaendelea. Wanaohitaji huduma zaidi huelekezwa kwa wataalamu wa viungo katika hospitali kubwa za kaunti, zikiwemo Kiambu Level 5 na Thika Level 5. Unapoenda, beba viatu vyako vya baiskeli vikiwa na kliti zake. Vitamsaidia mtaalamu kuona jinsi mguu wako unavyokaa, jambo ambalo ni vigumu kulieleza kwa maneno.

Baiskeli ni mazoezi mepesi kwa magoti kuliko kukimbia, na ndiyo maana huwafaa hata watu wa umri mkubwa. Kabla ya kuliacha zoezi hili au kutumia pesa zaidi, geuza kiatu chako na utazame rangi ya kliti iliyo chini yake.