Programu ya Bure ya Kufunga Faili: Utajuaje Kama Ni ya Kuaminika?

Tuseme wewe ni mweka hazina wa chama. Kwenye laptopu yako kuna taarifa za miamala, nambari za simu za wanachama na nakala za vitambulisho vyao. Laptopu ikiibwa ndani ya matatu, tapeli ana kila anachohitaji kujaribu kubadilisha laini ya mtu.

Ndiyo maana kuna programu za kusimba faili, yaani kuzigeuza zisisomeke bila nenosiri. Nyingi ni za bure. Je, rahisi ni ghali? Si lazima. Kabla ya kuamini, jiulize maswali haya manne.

1. Je, msimbo wake uko wazi?
Msimbo ukiwa wazi, mtaalamu yeyote anaweza kuusoma. Lakini kuwa wazi si sawa na kusomwa.

2. Je, watu wa nje wameikagua?
TrueCrypt ilitumika kwa miaka 10 bila watu kujua waliyoiunda ni kina nani. Ukaguzi wa nje uliokamilika mwaka 2015 haukupata mlango wa siri uliowekwa makusudi.

3. Je, kuna anayeirekebisha?
Hapa ndipo TrueCrypt ilipoanguka. Mei 2014, wenyewe waliiacha ghafla na kuonya kwamba si salama. Programu isiyo na fundi usiitumie, hata kama zamani ilisifiwa. VeraCrypt, iliyojengwa juu ya msimbo huo, ilikaguliwa mwaka 2016 ikapatikana na kasoro 8 kubwa. Nyingi zilirekebishwa, na ripoti ikatolewa hadharani. Hiyo ni dalili njema: kasoro iliyotangazwa na kuzibwa ni afadhali kuliko ahadi ya "salama asilimia 100".

4. Umeipakua wapi?
Programu nzuri ikipitia mikono mibaya hugeuka mtego. Pakua kwenye tovuti rasmi pekee, si kwa kiungo ulichotumiwa kwa WhatsApp. Na ikikuomba PIN yako ya pesa, acha hapo hapo na uifute. Kufunga faili hakuhitaji PIN.

Kabla hujafunga
Ukisahau nenosiri, hakuna wa kukurudishia, hata sisi hatuwezi. Kwa hivyo:

- Jaribu kwanza na faili isiyo na maana. Ifunge, ifungue, uhakikishe inasomeka.
- Weka nakala nyingine iliyofungwa, kwa mfano kwenye flashi unayoiacha nyumbani.
- Chagua nenosiri refu, na lisiwe PIN yako wala mwaka wako wa kuzaliwa.
- Ukishahakikisha, futa faili za awali ambazo hazijafungwa, hata kwenye pipa la taka.

Kumbuka, kufunga faili hakusaidii ukiiacha laptopu wazi mbele ya watu. Pesa za chama ni za wengi, na siri zao ziko mikononi mwako.